Maswali ya Wasomaji: Kombora la Jeshi, Mkandarasi na Sahihi ya Mwisho

Jambo yenu, wasomaji. Toleo lililopita tuligusa kwa ufupi habari ya OTRAG, ile kampuni ya Ujerumani Magharibi ya Lutz Kayser ambayo mwaka 1975 ilipewa na serikali ya Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 huku Shaba, yaani Katanga, irushie roketi zake. Ilirusha mara tatu kutoka uwanda ulio juu ya mto Luvua: 17 Mei 1977, 20 Mei 1978 na 5 Juni 1978. Ile ya tatu iliharibika mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, na mwaka 1979 kazi ikafungwa. Kampuni ilisema roketi zake ni za kupeleka satelaiti. Wengi nje walidhani ni silaha.

Tulitegemea barua za siasa. Zimekuja barua za kazi: kampuni ya raia ikipewa kandarasi ya makombora ya jeshi, nani anaangalia yasiue watu wake, na anaangaliaje? Mafundi wa dawati letu wamejibu tisa.

Mimi ni mwanafunzi wa Polytechnique, Kasapa, hapa Lubumbashi. Meneja wa usalama katika kampuni ya makombora anafanya nini hasa? Ni mtu wa kofia na viatu vya chuma?

Kofia na viatu vina mwenyewe, msimamizi wa usalama wa kiwanda. Meneja unayemuulizia analinda watu dhidi ya kombora lenyewe, tangu likiwa mchoro mezani mpaka siku litakapofunguliwa na kuharibiwa. Kazi hii ilizaliwa kwenye miradi ya makombora makubwa ya Marekani miaka ya 1960, na kanuni yake, MIL-STD-882, ilitolewa mwaka 1969. Toleo la E ni la 2012. Wakandarasi wa nchi nyingine wana vitabu vyao, lakini mifupa ya kazi ni ileile.

Chombo chake kikuu ni daftari la hatari. Kila hatari ina ukurasa wake, na lazima iandikwe kwa sehemu tatu: chanzo, njia na matokeo. Ukiandika “umeme tuli” umeandika kichwa cha habari tu. Andika hivi: “Ganda la injini linasuguana na sponji ya sanduku lake linapoinuliwa na kreni, chaji inajikusanya juu ya ganda, inaruka kuingia kwenye fueli, fueli inawaka na kuua walio karibu.” Sasa mhandisi anaona pa kukata: abadilishe sponji, aunganishe ganda na ardhi, au apunguze watu walio karibu na kreni.

Kila hatari inapewa namba ya ukali, 1 hadi 4, na herufi ya uwezekano. Ukali wa 1 ni kifo, ulemavu kamili wa kudumu, au hasara ya kuanzia dola milioni 10. Wa 4 ni jeraha lisilomfanya mtu akose kazi hata siku moja, na hasara isiyofika dola 100,000. Herufi zinashuka kutoka A, jambo linalotokea mara kwa mara, mpaka E, ambalo uwezekano wake katika maisha yote ya kifaa haufiki mara moja kwa milioni. F ni ya hatari iliyoondolewa kabisa. Ukizikutanisha, 1C ni riski ya juu, 1D ni nzito, na 1E bado ni ya kati. Tazama vizuri hapo: hatari yenye kuua haishuki kamwe kuwa “ndogo” kwa sababu tu ni nadra. Ya kati ndiyo sakafu yake, mpaka uiondoe.

Tena kuna mpangilio wa dawa. Kwanza ondoa hatari kwa kubadilisha muundo. Ukishindwa, ipunguze kwa muundo huohuo. Kisha weka kifaa cha kuzuia, halafu kifaa cha kuonya. Mwisho kabisa ndiyo vibao, taratibu, mafunzo na mavazi. Daftari bovu hulitambui kwa uchache wa kurasa. Fungua safu ya dawa: ukikuta ukurasa baada ya ukurasa “wafanyakazi watafundishwa”, ujue lilianza kuandikwa mchoro ukiwa umeshapita na pesa za kubadilisha chuma zimeisha.

Miye ni mhasibu, Kamalondo. Kampuni ndiyo imetengeneza kombora, inalijua kuliko jeshi. Kwa nini isiamue yenyewe kwamba usalama umetosha?

Kwa sababu, mama, kampuni inalipwa siku ya kukabidhi. Mwenye kulipwa kwa kumaliza asiachiwe kusema kama kumemalizika vizuri. Wewe wa mahesabu unalijua hilo kuliko sisi.

Kazi ya mkandarasi ni kutafuta hatari, kuzipima, kuzipunguza, na kueleza kwa maandishi kilichobaki. Kukubali kilichobaki ni kwa serikali. Katika utaratibu wa Marekani, riski ya kati au ndogo husainiwa na meneja wa mradi wa serikali, nzito na mkuu wa kundi la miradi, na ya juu na ofisa wa juu kabisa wa ununuzi wa jeshi husika. Kwa hizi mbili kubwa, mwakilishi wa wanajeshi watakaolitumia kombora lazima akubali kabla ya sahihi.

Ujanja wa kuogopa ni hatari ya 1C “kupimwa upya” ikawa 1D wiki moja kabla ya mkutano, na sahihi ikashuka kwa ofisa wa chini anayepatikana haraka. Dawa yake ni kutaka kila herufi inayoshuka iambatane na ushahidi wenye tarehe: jaribio, hesabu, au mchoro uliobadilishwa. Maneno “kwa uzoefu wa wahandisi” si ushahidi.

Mimi ni fundi wa baruti mgodini, upande wa Likasi. Kiangazi tunaambiwa tujihadhari na umeme wa mwilini. Na kwa makombora ni vile?

Ni vile, yaya, na kwao imeua. Tarehe 11 Januari 1985, karibu na Heilbronn, Ujerumani Magharibi, wanajeshi wa Marekani walikuwa wanaitoa injini ya kombora la Pershing II kwenye sanduku lake kwa kreni. Hewa ilikuwa baridi na kavu. Ganda la injini lilikuwa la nyuzi za Kevlar, si la chuma, kwa hiyo chaji iliyotokana na msuguano haikupata pa kukimbilia. Fueli ikawaka. Watu 3 walikufa. Kombora halikuwa limeunganishwa na umeme wowote, na hakuna aliyebonyeza kitu.

Hewa yetu ya Juni na Julai, usiku wa baridi na vumbi jekundu, ni ya aina hiyohiyo: unyevu ukipungua, chaji haivuji. Mambo ya kufanya mnayajua nusu. Kabla ya kugusa kiwashio, gusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi. Vaa pamba, si nailoni, na usivue koti hapo kazini. Bangili ya mkononi iwe na kizuia-umeme cha megaohmu 1 ndani yake: chaji itavuja polepole, na wewe hutakuwa waya mtupu kama ukigusa umeme wa laini. Bangili ipimwe kila zamu, kwa sababu hukatika ndani bila kuonekana nje. Nyaya mbili za kiwashio zikae zimesokotwa pamoja, au zimefunikwa kwa kofia yake ya kuziunganisha, mpaka dakika ya mwisho.

Usipime kamwe kiwashio kwa multimeta ya sokoni, maana betri yake yenyewe inaweza kukiwasha. Viwashio vya makombora hutakiwa kuvumilia ampea 1 na wati 1 kwa dakika 5 bila kuwaka. Detoneta ya kawaida ya umeme inawaka kwa sehemu tu ya ampea hiyo, kwa hiyo wewe una nafasi ndogo ya kukosea kuliko mtu wa makombora.

Mvua zikirudi, adui ni radi. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10: acha kazi, ondoa watu, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Msimamizi atakayelalamika kuhusu uzalishaji aandike malalamiko yake kwa jina lake.

Kuna tukio jingine tunaloona kila fundi wa viwashio alijue. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye meli ya kubeba ndege ya Marekani iitwayo Forrestal, roketi ya Zuni ilijirusha kutoka kwenye ndege iliyokuwa imeegeshwa. Watu 134 walikufa. Vizuizi vilikuwa viwili: pini ya usalama, na plagi ya waya ambayo kanuni ilitaka iunganishwe ndege ikiwa tayari mahali pa kurukia. Ili kuokoa muda, plagi zilianza kuunganishwa mapema, ndege zikiwa bado zimepangwa. Waliokubali jambo hilo waliona pini ipo. Siku hiyo pini haikuwa mahali pake. Rubani alipohamisha umeme kutoka wa meli kwenda wa ndege, msukumo mdogo wa umeme ulipita ukakuta njia wazi. Ndiyo maana katika daftari la hatari, kizuizi chochote kikitaka kulegezwa, ukurasa mzima unafunguliwa upya na vizuizi vingine vyote vinakaguliwa siku hiyohiyo.

Mimi ni fundi wa elektroniki, Katuba. Vizuizi viwili, kila kimoja kinashindwa mara 1 kwa 1,000. Nikizidisha napata 1 kwa milioni. Hesabu imeisha?

Haijaisha. Umezidisha kana kwamba vizuizi havijuani. Kama vyote viwili vinakula betri moja, au waya zake zinapita kwenye plagi moja, au fundi yuleyule anavifunga kwa ufunguo uleule ulioharibika, basi kinachoangusha kimoja kinaangusha na cha pili. Jibu lako linarudi karibu na 1 kwa 1,000.

Chombo cha kukamata kosa hili kinaitwa mti wa hitilafu. Kilibuniwa mwaka 1962 katika maabara ya Bell na H. A. Watson, kwa ajili ya mfumo wa kurushia makombora ya Minuteman, na Boeing wakakikuza. Juu ya karatasi unaandika tukio moja usilolitaka, mfano “injini inawaka bila amri”. Chini yake unauliza: ili hili litokee, lazima nini kitokee? Kama ni mambo mawili kwa pamoja, weka lango la “na”. Kama lolote kati yao linatosha, weka lango la “au”. Unashuka hivyo mpaka ufike kwenye vitu vyenye namba: swichi, relee, mkono wa mtu. Kisha tafuta jina linalojirudia kwenye matawi mawili yaliyo chini ya “na” moja. Betri ikionekana pande zote mbili, lango lako la “na” ni la uongo.

Kwa fyuzi ya kombora, na hapa hatusemi ile ya ukutani bali kifaa kinachoamua kichwa kilipuke lini, kanuni ya Marekani inataka vizuizi visivyopungua viwili vinavyojitegemea, na kila kimoja kifunguliwe na nguvu tofauti ya mazingira ya kuruka, kwa mfano kasi ya kuondoka. Kuanguka kutoka kwenye lori hakufanani na kuruka, ndiyo hoja yenyewe. Uwezekano wa fyuzi kujifungua kabla ya kurushwa usizidi 1 kwa milioni.

Mimi naandika programu za simu hapa mjini. Programu ina hatari gani? Haina baruti.

Haina, lakini ndiyo inayoamua baruti iende wapi na lini. Na kombora la kujilinda lisiporuka pale lilipotakiwa, hiyo nayo ni hatari ya daraja la 1.

Tarehe 25 Februari 1991, mjini Dhahran, Saudi Arabia, kikosi cha Patriot, makombora ya Marekani ya kujilinda, kilishindwa kulikabili kombora la Scud la Iraki, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa kambini. Saa ya mfumo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Wewe unajua kwamba moja ya kumi, ikiandikwa kwa sifuri na moja, haina mwisho. Ilikatwa kwenye biti 24. Kosa lilikuwa dogo mno, lakini lilikua kadiri mashine ilivyokaa bila kuzimwa. Baada ya saa 100 lilifika sekunde 0.34. Scud inakwenda takriban mita 1,676 kwa sekunde, kwa hiyo rada iliangalia zaidi ya nusu kilomita pembeni, ikaona anga tupu na kuacha kufuatilia.

Kosa lilikuwa limeshaonekana. Waisraeli walitoa taarifa tarehe 11 Februari kwamba baada ya saa 8 eneo ambalo rada hulitazama kumtafuta adui lilikuwa limehama kwa asilimia 20. Tarehe 21 ujumbe ulipelekwa kwa watumiaji ukisema kuuendesha mfumo “muda mrefu sana” kunaleta kasoro. Haukusema saa ngapi. Walioupokea hawakudhani kwamba unawahusu. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baadaye.

Kwa mkandarasi, mafunzo ya programu ni mengi lakini hili la ujumbe ndilo la bei rahisi kuliko yote: onyo liwe na namba na kitendo. “Zima na kuwasha kila baada ya saa 8” lingetosha kwa wiki hizo mbili. Tena, kila mara matumizi yanapobadilika, daftari lifunguliwe. Patriot ilikusudiwa kuhamahama na kupiga ndege, si kukaa mahali pamoja siku nne mfululizo ikingojea makombora.

Naishi Kampemba. Ghala la silaha likiwa karibu na nyumba, “karibu” ni mita ngapi?

Miongozo ya kimataifa ya risasi na mabomu ya Umoja wa Mataifa, iitwayo IATG na iliyotoka mwaka 2011, inakupa hesabu unayoweza kuifanya kwa penseli. Chukua kilo za kilipuzi chenyewe bila chuma, tafuta mzizi wake wa tatu, zidisha kwa 22.2: hizo ndizo mita mpaka nyumba ya watu. Kilo 8,000, mzizi 20, mita 444. Kilo 64,000, mzizi 40, mita 888. Mzigo umeongezeka mara nane, umbali mara mbili tu. Kwa barabara ya umma kizidisho ni 14.8. Kwa mizigo midogo fomula hii haitoshi, kwa sababu vipande vya chuma huruka mbali kuliko wimbi la mlipuko. Kwa hiyo kuna kima cha chini cha mamia ya mita. Na hata kwenye mita hizo 444 nyumba haibaki salama salimini: vioo vinapasuka, bati linapinda. Umbali huo ni wa kuzuia isikuangukie.

Mpila, Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, ghala lilikuwa katikati ya mtaa. Zaidi ya watu 200 walikufa. Bata, Guinea ya Ikweta, 7 Machi 2021, zaidi ya 100. Kwa Bata, Rais wa nchi alisema chanzo ni uzembe katika kuhifadhi vilipuzi pamoja na moto wa wakulima waliokuwa wakichoma mashamba jirani. Hapa kwetu nani asiyejua moto wa Agosti? Ukanda usio na nyasi kuzunguka ghala unafyekwa kabla majani hayajakauka, na unafyekwa tena. Si kazi ya kungoja moshi.

Watu husahau mambo mawili. La kwanza ni akiba inayokua kimyakimya. Kiwanda cha Henderson, Nevada, kilichotengeneza amoniamu perkloreti, ile chumvi inayotoa oksijeni kwenye fueli ngumu ya roketi, kiliendelea kuzalisha baada ya vyombo vya anga kusimamishwa kufuatia ajali ya Challenger ya 1986. Mnunuzi hakuchukua, mzigo ukajazana uani. Tarehe 4 Mei 1988 kiwanda kililipuka. Watu 2 walikufa na mamia waliumia. Kibali cha ghala kina kilo ndani yake. Kilo zikipita, kibali kimekufa, hata kama hakuna aliyehamisha ukuta.

La pili ni joto. Fueli yenye nitroselulosi inajioza yenyewe polepole, na ndani yake huwekwa kitulizaji kinachomeza gesi za huo uozo. Kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, uozo unaenda kasi karibu mara mbili. Chini ya bati lisilo na dari, kitulizaji kinaisha mapema na fueli inaweza kujiwasha bila mtu. Fueli ya aina ya mpira na perkloreti haiwaki hivyo, lakini ikipanda na kushuka joto miaka mingi hupasuka au hubanduka kwenye ganda. Ufa ni eneo jipya la kuungua: shinikizo linapita kipimo na ganda linafumuka. Ndiyo maana kipimajoto cha ghala kina daftari lake, na injini za zamani hupigwa eksirei.

Miye fundi wa kuchomea vyuma, Ruashi. Kampuni kubwa ikinipa kazi ndogo ndani ya eneo lake, hatari ni ya nani?

Swali hili ndilo lilitufanya tuchelewe kufunga safu. Tarehe 9 Agosti 1965, karibu na mji wa Searcy, Arkansas, wafanyakazi 55 wa wakandarasi, raia wote, walikuwa ndani ya shimo la kombora la Titan II wakifanya maboresho. Kichwa cha nyuklia kilikuwa kimeondolewa, lakini fueli ilikuwa bado ndani. Uchunguzi ulionyesha kwamba fimbo ya kuchomelea iligusa bomba la mafuta ya haidroliki. Mafuta yakaruka, yakawaka. Kombora halikulipuka. Moshi na kukosa hewa viliua watu 53. Wawili tu walitoka.

Kila mmoja mle ndani alikuwa na kazi ndogo, kama yako. Wachomeleaji, wapaka rangi, watu wa umeme, kila kundi na bosi wake. Usipopewa vitu vifuatavyo, usiwashe mashine.

Kibali cha moto kiwe cha maandishi, cha sehemu moja na zamu moja, kikionyesha mabomba yote yaliyo ndani ya mita 10 kutoka ncha ya fimbo yako. Bomba la mafuta lifungwe na shinikizo litolewe. Kulifunika kwa turubai tu hakutoshi, ingawa blanketi la moto nalo liwepo. Mtu mmoja asimame na kizimamoto bila kazi nyingine, na abaki hapo saa nzima baada ya wewe kumaliza, kwa maana cheche hulala. Uliza watu wangapi wako ndani na njia za kutokea ni ngapi, uzione kwa macho yako, uzipite mara moja taa zikiwa zimezimwa. Ngazi moja kwa watu hamsini haitoshi hata wakiwa watulivu. Uliza pia kundi jingine linafanya nini juu yako na chini yako leo. Ubao wa kazi za siku uwe mmoja kwa makampuni yote, na mtu mmoja awe na mamlaka ya kusimamisha kila mtu.

Kuhusu “ya nani”: mkandarasi mkuu hawezi kuihamishia kwako kwa kuandika kifungu. Lazima masharti yote ya usalama aliyopewa na jeshi ayashushe kwenye mkataba wako, kwa lugha unayoisoma, pamoja na kurasa za daftari zinazohusu mahali utakapofanyia kazi. Akikupa mkataba bila kurasa hizo, bado hajakuambia unachomelea karibu na nini.

Naendesha lori la asidi kutoka Kasumbalesa. Nimesikia roketi za OTRAG zilitumia asidi. Ni hiihii?

Hapana. Wewe unabeba ya salfa, ya kuyeyushia shaba. Wao walitumia asidi ya naitriki pamoja na mafuta ya taa. Ukimwagikiwa na yoyote kati ya hizo, ni maji mengi mara moja, dakika 15 au zaidi, nguo zikivuliwa huku maji yakipita. Tofauti iko kwenye moshi: ile ya naitriki hutoa moshi wa rangi ya kahawia nyekundu, na aliyeuvuta anaweza kujisikia mzima, akala jioni, kisha mapafu yakajaa maji usiku. Mtu huyo harudishwi nyumbani. Alazwe chini ya uangalizi hata kama anacheka.

Watoto wa jirani yetu wanaokota vyuma chakavu. Wameleta kitu kama bomba lenye mapezi, limeshika kutu. Mnunuzi anasema ni chuma tu.

Mama, kutu haikuondoi hatarini. Fyuzi iliyooza inaweza kuwa nyepesi kulipuka kuliko mpya. Msiliguse tena, msilisogeze hata kulitoa uani, msilimwagie maji, msilichome. Toeni watu wote nyumbani na kwa majirani, nendeni nyuma ya kuta imara, mbali kadiri mnavyoweza. Msipige simu mkiwa karibu nalo. Pigeni mkishafika mbali. Wapeni polisi au watu wa kutegua mabomu maelezo haya: urefu kwa kulinganisha na mkono, rangi, mapezi mangapi, lilitoka wapi. Mahali lilipookotwa ni muhimu kama kitu chenyewe, kwa sababu mara nyingi haliwi peke yake. Watoto waulizwe bila kuchapwa, la sivyo watataja mahali pengine. Na huyo mnunuzi aambiwe aonyeshe alichonunua wiki hii.